Kabla hujamwacha mwalimu wako ukaanza mtindo mwingine

Vijana huniuliza sana habari hii, hasa jioni pale viwanja vya Tangamano, hapa Tanga, tukishamaliza kukimbia. Mmoja amechoshwa na kata, ile mifuatano ya mapigo ya karate inayorudiwa kila siku, mwingine ameona kwenye simu watu wa judo wanarushana akapagawa, mwingine kakorofishana na senpai, yaani mwanafunzi aliyemtangulia. Wote wanataka kuhama dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, na wote wanaanza kwa kuniuliza bei ya gi, lile vazi la mazoezi. Bei ya gi ni jambo la mwisho kabisa. Mimi nilikaa kwenye Goju-ryu, mtindo mmoja wa karate, miaka 9, huko Ngamiani, kisha nikahamia judo, ambako watu hushikana na kuangushana. Kuhama kwenyewe sikujutii. Nilivyohama ndiyo aibu yangu, kwa hiyo kaeni mnisikilize.

Hakikisha kwanza kwamba ulichokichoka ni mtindo na si mazoezi. Mtu akifika mkanda wa kahawia huwa anakwama: anarudia kata ileile, anasahihishwa kisigino kilekile, anaona waliomfuata wanamkaribia. Ukihama katika hali hiyo utakwenda kukwama tena huko uendako, safari hii ukiwa na mkanda mweupe.

Kisha nenda ukatazame. Kaa pembeni siku tatu, na usiwaangalie wanaorusha, waangalie wanaorushwa. Kwenye judo mgeni hufundishwa kuanguka kwanza: kinyumenyume, kwa ubavu, kwa kubingiria mbele, kidevu kikiwa kifuani na mkono ukiupiga mkeka. Ukiona mtoto wa siku ya pili anabebwa juujuu na jitu la kilo 90, chukua baiskeli yako urudi nyumbani. Mikeka nayo ikaguliwe. Ikiachana, kidole cha mguu kitazama katikati, na hapo utalia mbele ya watu.

Vyeti vya mikanda vikusanye mapema. Goti bovu litaje siku ya kwanza. Uliza ada ni ya mwezi au ya siku. Hayo hayahitaji maelezo.

Mwili ndio utakaokusumbua. Goju-ryu inakufundisha kukaa kama mbuyu. Katika kata ya Sanchin vidole vya miguu vinatazama ndani, magoti yamebana, pumzi inatokea chini tumboni kwa sauti, na mwalimu anapita nyuma akikupiga makofi ya mabega kuona kama umekaza. Miaka 9 nimekula makofi hayo. Sasa ukifika judo na ukakaza vile umejikabidhi mwenyewe, maana aliyejikaza ni kama kabati, ukivuta kona moja linakuja lote. Miezi mitatu ya mwanzo nilikuwa naangushwa na binti wa kidato cha pili, nusu ya uzito wangu, kwa o-soto-gari ileile, yaani kufagiwa mguu kwa nyuma, mguu uleule wa kulia, kwa sababu kila akinishika mimi nashusha kiuno na kukaza. Tena kila nikishtuka ngumi inarudi kiunoni yenyewe, wakati mkono ulitakiwa uwe umeng'ang'ania kola ya mwenzangu. Vidole vilivimba hadi kumega tonge ikawa kazi.

Mkanda wako wa zamani ubaki nyumbani. Ni kweli daraja za dan, yaani za mkanda mweusi, alizianzisha Jigoro Kano, mwasisi wa judo, miaka ya 1880, na Gichin Funakoshi akaanza kuzitoa kwenye karate mwaka 1924, lakini udugu huo haukupi haki ya kuingia na rangi yako kwa watu. Vaa mweupe. Na neno "kule kwetu tulikuwa tunafanya hivi" lifungie sandukuni. Mimi nililisema mara mbili, mara ya tatu wakanibatiza "Kule Kwetu", na jina likanikaa mwaka mzima.

Sasa tuje kwenye kuaga, ambako ndiko nilikoharibu.

Nilianza judo mwezi wa nne, masika imepamba moto, na mwalimu wangu wa karate sikumwambia. Nilijidanganya kwamba naonja tu. Halafu siku za karate nikaanza kuumwa. Leo malaria, kesho harusi ya binamu, keshokutwa zamu ya usiku. Mwalimu anatuma ujumbe, "Umepata nafuu?" nami namjibu, "Shikamoo mwalimu, naendelea vizuri." Hapa Tanga mtu hajifichi, na baiskeli yangu inajulikana tangu Barabara ya 4 hadi Makorora, ila mimi nilijiona mjanja.

Gi ya judo niliipata mitumbani. Ni nzito, sehemu ya juu imefumwa punje punje kama mchele, si kama ya karate iliyo nyepesi na inayolia ukirusha ngumi. Mvua zile haikauki. Nilikuwa naiacha kwenye kamba ya barazani siku mbili nzima. Alhamisi moja natoka kazini, namkuta mwalimu kaketi barazani na mama, anakunywa kahawa, miguuni kaweka mfuko wa machungwa ya Muheza. Amekuja kumjulia hali mgonjwa. Gi inaning'inia karibu imguse kichwa.

Nikamwamkia. Akaitika marahaba, akaniuliza kama homa imeshuka. Nikasema imeshuka. Akanyoosha mkono akashika mkono wa ile gi, akausugua taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada, kama fundi cherehani anayepima kitambaa asichokizoea. Akakunjua pindo, akatazama mishono. "Hii mvua hizi haikauki," akasema. "Igeuze nje ndani." Akamaliza kahawa yake, akamuaga mama, akapanda baiskeli. Hakuniuliza kitu. Na mimi, kwa ujinga wangu, nikashukuru kwamba hakuniuliza.

Wiki mbili baadaye senpai mmoja akanisimamisha soko la Mgandini akanipa risiti. Mwalimu alikuwa amenilipia ada ya mtihani wa mkanda mweusi, unaofanyika Dar es Salaam, tangu mwezi wa pili. Mwalimu huyo riziki yake ni kuziba pancha na kunyoosha rimu za baiskeli. Wenzake walimshauri aandike jina la kijana mwingine mahali pangu, akakataa mpaka siku ya mwisho ikapita. Senpai akanieleza alivyowajibu: "Huyo hajaniaga."

Hebu litafakari jibu hilo. Mimi nilikuwa nakwepa kumuaga nikidhani namwonea huruma, kumbe kwa hesabu yake asiyeaga hajaondoka. Pesa ikapotea, nafasi ya mtu mwingine ikapotea, naye amekaa anamngoja mtu ambaye kila Jumanne yuko mtaa wa pili anajifunza kuanguka.

Kwa hiyo utaaga hivi. Utakwenda nyumbani kwake, si dojo mbele ya watoto, na simu usiiguse. Utakwenda kabla ya darasa la kwanza la huko uendako. Mikono mitupu hapana: enzi za wazee wetu fundi alipewa kilemba mwanafunzi wake anapomaliza kazi mkononi mwake, na ingawa siku hizi hakuna anayekudai kitambaa, sukari kilo mbili au doti ya kanga kwa mkewe haikushindi. Usimweleze ubaya wa mtindo wake wala uzuri wa huo mpya, hajakuuliza. Sema umekuja kuomba ruhusa na radhi, kisha nyamaza. Akikasirika, mwache akasirike, ni haki yake. Kabla hujasimama, muulize kama kuna mahali amekuandikisha au fedha yoyote amekutolea. Swali hilo msilisahau hata mkisahau mengine yote. Funguo za ukumbi, kama unazo, mpe hapohapo.

Atakuwepo atakayekwambia kuhama ni usaliti. Mwambie habari za huyohuyo Kano. Mwalimu wake wa kwanza wa jujutsu, mapigano ya kale ya Kijapani, Fukuda Hachinosuke, alifariki mwaka 1879, Kano akaenda kwa Iso Masatomo. Iso naye akafariki mwaka 1881, Kano akahamia kwa Iikubo Tsunetoshi wa Kito-ryu, mtindo mwingine kabisa. Mwaka 1882 akafungua dojo yake ya judo, Kodokan, ndani ya hekalu huko Tokyo, na Iikubo akawa anakwenda pale kumsaidia kufundisha. Kuhama si kosa, ila wengi tunapenda kuhama kwa kunyata.

Mimi nilikwenda baada ya miezi minane, na sukari, na ada yake ndani ya bahasha. Sukari akaipokea. Pesa akazihesabu, zikawa zimezidi elfu mbili, akanirudishia elfu mbili. Kisha akataka kuona ninavyoanguka. Nilianguka pale uani kwake kwenye mchanga, mara tano, nikiwa na suruali ya kazini, na mkewe kasimama mlangoni na mwiko. Mara ya tano mwalimu akasema kidevu bado kinachungulia.

Mengine ni ya kawaida tu. Usiweke picha ya gi mpya mtandaoni kabla hujaaga. Usiwavute wenzako wa zamani wakufuate, kila mtu atahama kwa miguu yake. Dojo zote mbili zikikutana kwenye maonyesho, kaa katikati, usicheke kata ya mtu. Kata kucha, za miguu pia. Pete na hirizi zivue. Sakafu ikiwa imeingia maji ya mvua msianze, hata mwalimu akisema kidogo tu. Na siku ya mazoezi usile wali wa nazi ukaja moja kwa moja kubingirishwa.