Jinsi ya Kupiga Picha za Bata Mwitu Majini katika Nyanda za Juu Kusini

Picha nzuri ya bata mwitu hutegemea zaidi mahali ulipokaa kuliko kamera uliyoishika. Ukisimama juu ya tuta la bwawa na kuelekeza lenzi chini, utapata mgongo wa ndege uliozungukwa na maji ya kijivu. Ukiishusha kamera mpaka ikabaki shubiri moja au mbili juu ya maji, jicho lake linalingana na lenzi, matete ya ng'ambo yanageuka kuwa rangi laini isiyo na umbo, na taswira yake inaonekana nzima majini. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu kuchagua upande wa maji, kukaa chini na kungoja.

Anayeishi Iringa anaweza kuanza na mabwawa ya Mufindi, kwenye mashamba ya chai yaliyo katika mwinuko wa takriban meta 1,800 na zaidi. Huko huonekana bata mwenye mdomo wa njano uliokatwa na doa jeusi katikati, ambaye manyoya yake ya kijivu yana kingo nyeupe zinazofanana na magamba ya samaki. Kwangu mimi huyu ndiye bata anayependeza zaidi kwenye picha, kwa kuwa mdomo ule hung'aa hata siku ya mawingu. Mabwawa mengi ya aina hii yana wenyewe, hivyo pita kwanza ofisini uombe ruhusa. Kwa upande wa Mbeya, mashamba ya mpunga ya Mbarali na maeneo oevu ya Usangu huwa na bata wenye uso mweupe na kisogo cheusi, wanaotembea kwa makundi na kupiga mluzi badala ya kulia kwa sauti nzito. Kiangazi kinapokolea na maji ya Usangu kupungua, ndege hukusanyika kwenye madimbwi yaliyobaki na kazi huwa rahisi. Masika hutawanyika kila penye maji.

Kabla ya kulala kifudifudi ukingoni, waulize wavuvi au wachungaji wa hapo kuhusu viboko na mamba. Usangu, Mto Ruaha Mkuu na Bwawa la Mtera si mahali pa kujilaza kando ya maji hata kidogo, na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha utapiga picha ukiwa garini, lenzi ikiegemea ukingo wa dirisha. Kwenye majaruba vaa mabuti marefu ya mpira, kwa sababu konokono wa maji yaliyotuama hubeba kichocho.

Panapo usalama, fika kabla ya mapambazuko. Mwezi Juni jua la Mbeya huchomoza kama saa 1 asubuhi, na saa moja na nusu inayofuata ndiyo yenye mwanga bora. Kaa upande wa mashariki wa maji ili jua liwe mgongoni pako. Upande huo una faida nyingine ambayo wengi hawaifikirii: bata huruka na kutua wakielekea upepo unakotoka, na wakati wa kusi upepo wetu huja zaidi kutoka kusini mashariki. Aliyekaa upande huo atawaona bata wakitua huku wamemwelekea, vifua wazi na miguu imetangulizwa, ilhali aliye ng'ambo ataishia kupiga picha za mikia.

Ukishakaa, tulia. Usiwafuate bata, wataogelea mbali kwa kiasi kilekile unachosogea. Vaa nguo za rangi ya udongo au majani makavu, egemeza lenzi kwenye mfuko wa kitambaa uliojazwa maharage, kisha waache warudi wenyewe kula. Wakinyoosha shingo wote kwa pamoja na kuacha kula, wamekushtukia, na yafaa usitikisike mpaka shingo zishuke. Jambo la kungojea hasa ni kuoga. Bata huzamisha kichwa mara kadhaa, hujimwagia maji mgongoni, kisha huinuka wima juu ya maji na kupiga mabawa kabla ya kuketi tena. Tendo hilo la mwisho huchukua muda mfupi sana, hivyo kidole kiwe tayari tangu anapoanza kuzamisha kichwa.

Lenzi ya milimita 300 au 400 inatosha. Kwa bata anayeogelea taratibu, kasi ya shata ya 1/500 ya sekunde inafaa, lakini kwa mabawa na matone yanayoruka panda hadi 1/1600 au 1/2000, na uiongeze ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, bila woga, kwani chengachenga kwenye picha huvumilika kuliko ukungu wa mwendo. Weka fokasi inayomfuata ndege na uilenge jichoni. Bata mwenye uso mweupe akiwa juu ya maji meusi huidanganya kamera ikazidisha mwanga, na manyoya ya usoni yakapotea kabisa. Punguza kipimo cha mwanga kwa thuluthi mbili ya stopu (hatua moja ya mwanga kwenye kamera), kisha kagua picha. Mwenye simu pekee anaweza kuegemeza darubini mahali imara na kuishikiza kamera ya simu kwenye tundu la kutazamia. Picha haitakuwa kali sana, ila bata atatambulika.

Ukiona kundi linalokimbia juu ya maji bila kuruka, ondoka. Bata hunyonyoka manyoya yote ya kurukia kwa wakati mmoja na hukaa wiki kadhaa bila uwezo wa kuruka. Kuwafukuza wakati huo ni kuwatesa. Penye kiota au vifaranga usikae kabisa, maana mama akiondoka, mwewe na kunguru hawakawii.

Juni na Julai, baridi ya Mufindi huigandisha kamera mpaka chuma chake kinauma vidole. Ukirudi kwenye nyumba yenye moto, iache ndani ya mkoba uliofungwa kwa saa moja au mbili, la sivyo unyevu utajikusanya kwenye vioo vya lenzi na kualika kuvu.