Namna ya kuandaa tamasha la sanaa za mtaani ambalo wakazi watalipokea

Tamasha la sanaa za mtaani huwa na wapimaji wa aina mbili: waliokuja kutazama, ambao jioni hurudi makwao, na wanaolala mtaani hapo, ambao asubuhi hukuta kila kilichobaki. Waandaaji wengi humaliza nguvu zao kwa kundi la kwanza, kwa kuwa ndilo linalopiga makofi, ilhali anayeamua kama tamasha litarudi mwakani ni kundi la pili. Kwa sababu hiyo kazi huanza kwa wakazi, na habari za jukwaa, rangi na spika hufuata baadaye.

Miezi mitatu au minne kabla ya siku yenyewe, na kabla hujamwalika msanii yeyote, upite mtaa mzima mlango kwa mlango ukiwa na ramani iliyochorwa kwa mkono. Barua ya kusukumwa chini ya mlango haitoshi, kwa maana mtu aliyeletewa taarifa tu hujiona amepangiwa mambo nyumbani kwake mwenyewe. Usiulize kama wenyeji wanapenda sanaa. Karibu kila mtu atasema anapenda, nawe utaondoka bila kujua lolote. Uliza nani hufanya kazi za usiku akalala mchana, nyumba gani ina mgonjwa au mtoto mchanga, gari la nani halina budi kutoka siku hiyo, duka lipi hupokea mizigo asubuhi, na ibada huanza saa ngapi. Kila jibu liandikwe kwenye ramani, nyumba kwa nyumba. Ongea na wapangaji na wenye nyumba kila kundi peke yake, kwani mwenye nyumba huweza kukubali jambo ambalo hataliona wala kulisikia, akiwa anaishi mbali.

Kuhusu vibali nitasema machache, kwa kuwa kila mji una utaratibu wake: mamlaka ya barabara, polisi, zimamoto na huduma ya magari ya wagonjwa wapewe ramani ileile moja, na kila badiliko lipelekwe kwa wote kwa pamoja. Njia ya gari la zimamoto ibaki wazi mwanzo hadi mwisho wa mtaa, na upana wake usikisie; wenyewe ndio waupime na kuuamua.

Ugomvi mwingi kati ya matamasha na majirani hutokana na sauti, na sehemu kubwa ya ugomvi huo huzuilika kabla spika hazijawashwa. Mahali palipo wazi, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila umbali kutoka kwenye spika unapoongezeka maradufu. Spika inayotoa desibeli 95 kwa mtu aliye umbali wa mita 2 itasikika kwa takriban desibeli 77 umbali wa mita 16. Lakini mtaa si uwanja. Kuta za pande mbili huirudisha sauti, hivyo upungufu halisi huwa mdogo kuliko hesabu hiyo, na mdundo mzito wa besi hupenya kuta na madirisha yaliyofungwa hata pale maneno ya mwimbaji hayasikiki tena. Ni afadhali kutumia spika ndogo kadhaa zilizosogezwa karibu na watazamaji na kuinamishwa chini kuliko spika mbili kubwa zinazolazimika kuwafikia walio nyuma kabisa. Spika zisielekezwe kwenye madirisha, na besi ipunguzwe tangu kwenye mtambo. Wakati wa majaribio, mmoja wenu aingie ndani ya nyumba iliyo karibu zaidi, kwa ridhaa ya wenyewe, afunge dirisha na asikilize akiwa chumba cha kulala. Anachokisikia humo ndicho kipimo kitakachozungumziwa kesho yake.

Sanaa zisizohitaji umeme, kama sarakasi, vichekesho na uigizaji wa kimya, huonekana rahisi, nazo ndizo zinazoziba barabara kuliko zote. Msanii wa duara anahitaji nafasi yenye nusu kipenyo cha mita 3 hivi, na watazamaji wanaomzunguka wakifika kina cha mita 4, duara zima huwa na kipenyo cha mita 14. Kwa msongamano wa watu wawili katika kila mita mraba, duara hilo hubeba karibu watu 250. Mtaa wa kawaida wa makazi hauna upana huo, kwa hiyo mduara utagusa milango ya pande zote mbili, na mama mwenye mizigo hatapata pa kupita kuingia kwake. Maonyesho ya duara yapewe makutano ya njia au eneo la wazi. Penye wembamba waweke wasanii wanaotembea, au wanaoegemea ukuta na kutazamwa kutoka upande mmoja. Saa za kuanza zipishane, ili umati wa onyesho moja uwe umetawanyika kabla wa jirani yake haujajaa.

Njia za kuingia na kutoka zitenganishwe, na kila mtu awe na zaidi ya mlango mmoja wa kukimbilia. Huko Duisburg, Ujerumani, mwaka 2010, watu 21 walikufa kwa kubanwa kwenye tamasha la Love Parade, ambapo njia ileile ilitumiwa na waliokuwa wakiingia na waliokuwa wakitoka. Tamasha la mtaa ni dogo kuliko lile mara nyingi, lakini kichochoro hakihitaji maelfu ya watu ili kijae.

Michoro ya ukutani inataka uangalifu wa peke yake, kwa sababu ndiyo sehemu ya tamasha isiyoondoka. Ridhaa ya mwenye ukuta ni ya lazima, ila anayeishi na mchoro kwa hakika ni jirani wa ng'ambo, ambaye kila afunguapo dirisha ataukuta mbele yake. Rasimu ya rangi ionyeshwe kwake pia, naye apewe muda wa kusema. Ukuta ukaguliwe unyevu, rangi ya zamani inayobanduka ikwanguliwe, na ipakwe rangi ya msingi ya kuta za nje, vinginevyo kazi nzuri itaanza kumenyeka mapema na lawama zitaangukia tamasha zima. Kisha andikeni mkataba mfupi unaotaja mchoro utakaa miaka mingapi, nani ataukarabati, na mwenye nyumba akitaka kuufuta atoe taarifa kwa namna gani. Jambo hili lina uzito mahakamani katika baadhi ya nchi: mjini New York, mmiliki wa majengo yaliyojulikana kama 5Pointz aliifunika michoro kwa rangi nyeupe mwaka 2013 bila kuwapa wasanii taarifa inayotakiwa na sheria, na mwaka 2018 mahakama ikamwamuru awalipe wasanii 21 zaidi ya dola milioni 6.

Siku ya tamasha, kila nyumba iwe na namba moja ya simu inayopokelewa na mtu mwenye mamlaka ya kupunguza sauti papo hapo, bila kwenda kuomba ruhusa kwa mwingine. Kila malalamiko yaandikwe pamoja na saa na mahali. Muziki uzimwe dakika 10 kabla ya saa iliyoahidiwa, kwani umati hauondoki mara sauti inapokatika, na usafi ufanyike usiku uleule, ukianzia kwenye vizingiti vya milango ya watu na si mbele ya jukwaa.

Ndani ya wiki mbili, rudi mlango kwa mlango. Maoni ya watazamaji yana utamu wake, lakini hayaelezi mtaa ulipokeaje jambo lenyewe. Waulize hasa waliofunga madirisha na waliohama kwa siku ile. Malalamiko yapange kwa mahali, si kwa ukali wa maneno: mtu mmoja aliyepiga simu mara tano hana uzito sawa na nyumba tano zilizo kando ya jenereta, na zikilalamika zote, kinachohitaji kuhamishwa ni jenereta. Wapo pia watakaotaja kodi za nyumba, wakihofu kwamba mtaa uliopendeza utapandishwa bei. Hofu hiyo mwandaaji hawezi kuiondoa peke yake, wala asiahidi kuiondoa. Aipe nafasi katika mkutano ambao wenye nyumba nao wamealikwa.

Hesabu za mapato na matumizi zibandikwe mahali ambapo wakazi hupita, zikiwa na majina ya kazi zilizolipiwa na kiasi cha kila moja. Ikionekana kwamba walio karibu na jukwaa hawalitaki tena tamasha, lihamishiwe eneo jingine au lipunguzwe liwe la mchana pekee, na uamuzi huo waambiwe wao kwanza, kabla wasanii hawajaanza kuombwa tarehe.