Kutoka Mbeya hadi matumbawe ya Mafia: mambo ya kuzingatia kabla

Anayeshuka kutoka Mbeya, Njombe au Iringa kwenda kupiga mbizi kwenye Hifadhi ya Bahari ya Mafia aanze na kalenda ya mwezi. Tiketi ya basi baadaye. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu bahari huwa bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kwa nguvu, na kwenye mlango wa Kinasi, kati ya Ghuba ya Chole na bahari kuu, mkondo humshinda hata mwogeleaji mzuri. Mgeni wa maji achague maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, karibu na tarehe 8 au 22 za mwezi mwandamo. Saa ya kuondoka huamuliwa na maji, nayo husogea kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo usimbane nahodha. Oktoba na Novemba ndiyo miezi mizuri: pepo za kusi zimekwisha, za kaskazi hazijashika.

Njia ni basi hadi Dar, gari hadi Nyamisati, boti hadi Kilindoni kisiwani, kisha kijiji cha Utende. Beba kitambulisho cha NIDA, maana kiingilio cha raia si sawa na cha mgeni. Dawa ya kichefuchefu imezwe kabla ya kupanda boti; ukishaanza kutapika haikai tumboni.

Miwani ya mbizi ijaribu nyumbani. Ibandike usoni bila mkanda, vuta hewa kwa pua. Ikidondoka, si saizi yako. Sharubu nazo hupitisha maji. Aliyezoea kuogelea Matema, Ziwa Nyasa, ajue kwamba maji ya chumvi humfanya aelee zaidi, ila yakiingia machoni yanawasha. Vaa shati la mikono mirefu: anayeelea kifudifudi huungua mgongo bila kuhisi, na losheni yenye oksibenzoni hudhuru matumbawe machanga.

Usisimame juu ya tumbawe. Ni mnyama hai, na yale ya duara hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka. Pezi moja la mguuni huvunja kazi ya miaka. Joto la bahari la 1998 liliua mengi pale. Boti ifungwe kwenye boya, nanga isitupwe.

Jambo linalosahaulika zaidi na watu wa nyanda za juu ni kurudi. Aliyezamia kwa mtungi wa hewa ana naitrojeni iliyojikusanya mwilini. Akipanda mlima wa Kitonga mapema, naitrojeni hiyo hutoa mapovu kama soda iliyofunguliwa. Iringa iko juu ya meta 1,500, Mbeya zaidi. Kama ilivyo kabla ya kupanda ndege, subiri angalau saa 18 baada ya mbizi kadhaa. 24 ni bora. Viungo vikiuma au mkono ukifa ganzi njiani, usidhani ni uchovu wa basi.