SOMO: Siku nne Roma kwa watu wawili, kuanzia visa mpaka kupanda kuba la Mtakatifu Petro

Wakuu, salaam.

Kila msimu wa likizo ukikaribia, ujumbe ni uleule: "Mkuu, nataka kumpeleka mama watoto Roma, naanzia wapi?" Namjibu huyu, keshokutwa anakuja mwingine na swali lilelile neno kwa neno. Leo nayaweka yote hapa, na kuanzia sasa nitakuwa natuma kiungo tu. Nazungumzia Roma, sizungumzii "Ulaya". Bei hupanda, zihakikisheni kabla ya kulipa.

Moja la kushika kabla hatujaanza. Nyumbani nyinyi ni bwana na bibi, Roma ni abiria wawili. Visa mbili, tiketi mbili, kadi mbili. Watu wengi wanapoteza pesa pale mmoja anapofanya mambo ya wote wawili kwa jina lake peke yake.

Hatua ya 1: Visa. Ni ya Schengen, yaani visa moja ya kundi la nchi za Ulaya, na mnaiomba Italia kwa sababu ndiko mtakakolala siku nyingi. Kila mmoja na fomu yake, alama zake za vidole na ada yake, euro 90 kwa mtu mzima. Mlango wa maombi hufunguliwa miezi 6 kabla ya safari na hufungwa zikibaki siku 15. Msingoje hizo 15: uamuzi wenyewe huchukua siku 15 na unaweza kuvutwa hadi 45. Pasi iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa 2 tupu, na iwe hai miezi 3 baada ya siku mtakayotoka Schengen. Bima ya safari isipungue euro 30,000, kwa kila mtu. Kama mmoja ndiye anayelipia, mwenzake aambatanishe barua ya udhamini, statement ya benki ya mlipaji na cheti cha ndoa. Na tafadhali, milioni kadhaa zilizotua kwenye akaunti wiki moja kabla ya maombi hazimdanganyi mtu.

Hatua ya 2: Ndege. Mkipitia Addis Ababa, Doha au Istanbul, uhamiaji mtaukuta Fiumicino, uwanja wa ndege wa Roma. Mkipitia Amsterdam au Paris, uhamiaji ni hukohuko, kwa hiyo msikate tiketi ya kubadilisha ndege kwa saa moja. Mfumo mpya wa kusajili wageni mpakani ulianza kuingizwa Oktoba 2025 na foleni zake hazitabiriki.

Hatua ya 3: Malazi. Karibu na kituo cha metro, mstari A au B. Termini, kituo kikuu cha treni, ni rahisi kufika, mtaa wa Monti panapendeza zaidi, Trastevere usiku pana makelele. Kuna kodi ya jiji inayotozwa kwa kila mtu kwa kila usiku, na kwa kawaida haimo kwenye bei mliyoiona mtandaoni. Hoteli ya nyota 3 ni euro 6. Wawili kwa usiku nne ni euro 48 mezani kwa mapokezi, msije mkagombana na msichana wa watu.

Hatua ya 4: Tiketi ya Colosseum. Hapa ndipo nilipoteleza mimi mwenyewe, someni polepole.

Tiketi ya kawaida ni euro 18. Inaingiza Colosseum, Foro Romano (magofu ya kitovu cha Roma ya kale) na kilima cha Palatino, na ni ya saa 24. Huanza kuuzwa siku 30 kabla ya tarehe husika kwenye tovuti rasmi ya hifadhi yenyewe. Saa za asubuhi huisha haraka. Sasa sikilizeni: tiketi ina jina la kila mgeni, na mlangoni wanaweza kuomba pasi walinganishe. Bwana anakaa na simu, anajaza jina lake mara mbili, au anamwandikia mkewe jina la ukoo wa mume. Pasi ya mke ina jina la baba yake, kama ilivyo kwa wanawake wengi kwetu. Lile "Mrs" mlilozoea kwenye kadi za harusi halipo kwenye pasi. Mkifika, bwana anapita, bibi anabaki nje, na tiketi hairudishwi pesa.

Kwa hiyo wekeni pasi zote mbili mezani kabla ya kufungua tovuti. Andikeni jina la kwanza na la ukoo kama yalivyopigwa chapa pale, herufi kwa herufi. Fanyeni hivyohivyo kwa tiketi ya ndege na bima. Tahadhari nyingine tatu za palepale. Saa iliyoandikwa ni ya kuingia Colosseum, na ukiichelewa umeikosa. Foro na Palatino huhesabiwa kama mlango mmoja, ukitoka hurudi. Na begi kubwa haliingii, liacheni hotelini. Jumapili ya kwanza ya mwezi ni bure, lakini hamuwezi kukata mapema na foleni yake ni ya kutisha. Mwenye siku nne tu asiende siku hiyo.

Hatua ya 5: Kutoka uwanja wa ndege. Leonardo Express hadi Termini, euro 14 kila mmoja, dakika 32, haisimami njiani. Treni ya FL1 ni euro 8, inapita Trastevere, Ostiense na Tiburtina lakini HAIFIKI Termini. Teksi rasmi nyeupe ina bei maalum hadi ndani ya kuta za Aurelian, zile kuta za kale za jiji, na bei hiyo ni ya gari zima, si ya kichwa. Kwa wawili wenye masanduku manne, pigeni hesabu. Tiketi ya karatasi ya treni lazima igongwe kwenye kimashine kilichoko jukwaani kabla ya kupanda. Tiketi ambayo haikugongwa ni faini, hata kama umeilipia.

Hatua ya 6: Ndani ya jiji. Tiketi moja ya metro na basi ni euro 1.50, dakika 100, metro mara moja tu. Mnaweza kugusa kadi ya benki getini, ila kila mtu na kadi yake. Kadi moja kuigusa mara mbili haifanyi tiketi mbili. Mkaguzi akiwakuta, faini inazidi euro 50 na mmoja wenu ndiye atakayeilipa. Basi namba 64, Termini kwenda Vatikani, ni uwanja wa mazoezi wa vibaka. Simu isikae mfuko wa nyuma.

Hatua ya 7: Mpangilio. Siku ya kwanza mmechoka, tembeeni kwa miguu: chemchemi ya Trevi, Pantheon, Piazza Navona, yote yako jirani. Pantheon ni euro 5 tangu Julai 2023. Siku ya pili Colosseum asubuhi, halafu pandeni hadi kanisa la San Pietro in Vincoli mkaone sanamu ya Musa ya Michelangelo, bure. Hufungwa mchana, nendeni baada ya saa tisa.

Siku ya tatu Vatikani. Makumbusho yana mlango wake upande wa Viale Vaticano, hayaingiliwi uwanjani kwa Mtakatifu Petro. Kati ya sehemu hizo mbili ni mwendo wa kama robo saa mkizunguka ukuta. Kateni tiketi ya saa mbili asubuhi. Jumapili yamefungwa, isipokuwa ya mwisho wa mwezi ambayo ni bure na imefurika. Jumatano asubuhi Papa hukutana na mahujaji, basilika la Mtakatifu Petro haliingiliki mpaka amalize. Mabega na magoti yafunikwe, wote wawili. Mabwana wenye kaptula hurudishwa, na kanga mliyoiacha hotelini haiwasaidii. Kupanda kuba ni ngazi 551, na lifti inapunguza lakini inawaachia 320. Sehemu ya juu ukuta umeinama na njia ni nyembamba, hakuna kugeuka nyuma. Mwenye goti bovu au hofu ya mahali finyu abaki chini.

Siku ya nne Galleria Borghese, jumba la sanaa. Lazima kuweka nafasi, mnapewa saa mbili kamili kisha mnatolewa, Jumatatu imefungwa.

Maswali chini. Someni kwanza.

MASWALI

Kijana wa Mbagala: Mkuu somo zuri. Kwa hiyo visa ni bei gani kwa mke na mume?

Mtoa somo: Hatua ya 1. Zidisha kwa mbili.

Tajiri Mtoto: Mimi nina visa ya Uingereza ya kuingia mara nyingi, Roma naingia tu si ndiyo?

Mtoa somo: Hapana.

Tajiri Mtoto: Mbona kuna jamaa yangu aliingia nayo?

Mtoa somo: Uingereza haimo Schengen na haijawahi kuwamo. Jamaa yako alikuwa na kitu kingine, pasi ya nchi nyingine au kibali cha ukaazi. Muulize yeye. Usiende kubishana na shirika la ndege kaunta.

Mwana wa Chake: Assalaam alaykum. Mimi na mume wangu hatuna shida na hela ya tiketi, shida yetu ni chakula. Je, kuna halali? Na pasta zao zina nini ndani?

Mtoa somo: Waalaykum salaam dada. Swali la maana hili, nilipaswa kuliweka juu. Kati ya pasta nne maarufu za Roma, tatu zina nyama ya shavu la nguruwe: carbonara, amatriciana na gricia. Ya nne, cacio e pepe, ni jibini ya kondoo na pilipili manga tu. Kama mnaangalia na kimeng'enya cha kugandisha jibini, hicho hutoka kwa mnyama, hapo mtaamua wenyewe. Pomodoro ni nyanya, haina neno. Supplì, ile kama katlesi ya wali, mara nyingi ina nyama ndani, ulizeni. Halali ipo tele mtaa wa Esquilino, nyuma ya Termini, kuzunguka Piazza Vittorio. Wabangladeshi wengi wako pale. Soko la Esquilino lenyewe lina bamia, ndizi za kupika na viungo vyote unavyovijua, kama mmepanga nyumba yenye jiko. Msikiti Mkuu wa Roma ulifunguliwa 1995, uko kaskazini mwa jiji. Pandeni treni ya mstari wa Viterbo kutoka Piazzale Flaminio, mshuke Campi Sportivi.

Mwana wa Chake: Allah akulipe kheri. Na maji ya udhu njiani?

Mtoa somo: Roma ina vibomba vya chuma mitaani, vinaitwa nasoni, zaidi ya elfu mbili. Maji yanatiririka mchana kutwa, safi, baridi, ya bure. Ukiziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yanaruka juu kupitia kitundu kidogo, unakunywa bila kuinama. Bebeni chupa moja, msinunue maji.

Otis wa Nai: Boss, Roma Pass, ile kadi ya watalii ya makumbusho na mabasi, inalipa ama ni kutupa pesa?

Mtoa somo: Kwa ratiba hii sioni faida. Vatikani haimo, hiyo ni nchi nyingine. Na Colosseum bado mtalazimika kuweka saa hata mkiwa nayo. Inaanza kulipa mkiwa watu wa makumbusho matatu, manne, na mabasi kutwa.

Bwana Harusi Mtarajiwa: Tunafunga ndoa kanisani Septemba, Roma ndiyo fungate. Nimesikia Papa hubariki maharusi. Kweli au porojo?

Mtoa somo: Kweli kabisa, na ni bure. Mkutano wa Jumatano una sehemu ya wanandoa wapya, wanaitwa sposi novelli. Masharti: ndoa ya kanisani iwe ya karibuni, hesabuni ndani ya miezi miwili, mje na cheti cha ndoa cha kanisa, na mvae mavazi ya harusi. Tiketi huombwa mapema kwa ofisi ya Prefettura ya Nyumba ya Papa. Anayewauzia tiketi ya mkutano ni tapeli. Shela ibebeni kwenye begi la mkononi, isije ikapotelea Addis. Siku hiyo makumbusho msiyapange asubuhi.

Bingwa wa Bei: Somo refu bila sababu. Pesa hiyo mtu si anakwenda Dubai, anapiga picha, anarudi?

Mtoa somo: Nenda Dubai.

Mwalimu Historia: Kwa wenye kupenda mambo ya kale yanayotuhusu: uwanja ulio mbele ya Termini, Piazza dei Cinquecento, umepewa jina la askari wa Kitaliano waliouawa Dogali, Eritrea, Januari 1887, na majeshi ya Ras Alula. Kila mtalii anaukanyaga bila kujua. Na mnara wa Aksum uliokuwa mbele ya jengo la FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ulirudishwa Ethiopia mwaka 2005.

Mtoa somo: Asante Mwalimu. Naongezea: jengo hilo la FAO lilijengwa liwe wizara ya makoloni ya Waitaliano ya Afrika. Ukishuka metro Circo Massimo liko mbele yako.

Shangazi Kaja: Mwanangu, wale vijana wa bangili je?

Mtoa somo: Shikamoo Shangazi. Wapo Colosseum na Vatikani. Anakuita "Afrika! Hakuna matata!", anakufunga uzi mkononi kama zawadi, halafu anadai euro. Mkono mfukoni, tembea. Ukimjibu kwa Kiswahili umekwisha.

Kitenge: Kitu gani kingine cha bure kwa wawili?

Mtoa somo: Michoro ya Caravaggio, mchoraji wa kale wa Kitaliano, iliyomo makanisani. San Luigi dei Francesi mitatu, Santa Maria del Popolo miwili, Sant'Agostino mmoja. Wekeni sarafu za senti mfukoni: baadhi ya taa huwaka ukitumbukiza sarafu, zinazimika baada ya dakika chache. Trevi nendeni saa kumi na mbili asubuhi, saa nne mtakuwa mnapiga picha za visogo vya watu. Ngazi za Piazza di Spagna msikae, ni faini tangu 2019.

Kitenge: Na nimesikia kuna mzinga unaopigwa kilima cha Gianicolo, upo kweli?

Mtoa somo: Upo. Kila siku saa sita kamili mchana, mlio mmoja. Pandeni kutoka Trastevere kwa miguu, mfike dakika kumi kabla, msimame kwenye ukuta wa juu. Mzinga uko chini yenu, na jiji zima liko mbele.