Siafu na Mchwa Vitani: Kutengeneza Gemu ya Mkakati Kuanzia Maharage Hadi Simu

Katika gemu tunayoijenga hapa, askari mmoja wa mchwa akiziba njia nyembamba ya kichuguu anaua siafu sita kabla hajaanguka. Mtoe nje kwenye uwanja wazi, siafu sita hao hao wanamzunguka na kummaliza kwa zamu moja, naye anaondoka na mmoja tu. Askari ni yule yule na meno ni yale yale. Kilichobadilika ni upana wa mahali wanapopigania. Ukilishika hilo mapema, kazi ya kusawazisha pande mbili inakuwa nyepesi. Ukilikosa, utabadilisha namba miezi mitatu na gemu haitakaa sawa.

Mahitaji ni machache. Kartoni moja, kikombe cha maharage, kikombe cha mahindi, kompyuta yenye RAM ya GB 4, na Godot 4, ambayo ni injini ya bure. Faili lake halifiki MB 200, ila ukitaka kupeleka gemu kwenye simu utapakua pia violezo vyake (export templates) vinavyoweza kuzidi GB 1, pamoja na Java 17 na vifaa vya Android. Panga bando mapema, usije ukakwama siku ya mwisho.

Hatua ya 1: Chagua mahali, ndipo uchague majeshi

Chora ramani yenye sura mbili. Juu kuna kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga mlimani Kilimanjaro, kama vya Kibosho au Marangu: miti mirefu, chini yake migomba, chini yake kahawa, chini kabisa magimbi na maharage, na mfereji unakatiza katikati. Chini kuna nyika kavu yenye nyasi na vichuguu, kama ile unayoiona ukitoka Moshi kwenda Arusha. Kihamba kina vichochoro vingi, nyika iko wazi. Ramani yenyewe imeshakupa njia nyembamba na uwanja mpana bila kulazimisha.

Anza na majeshi mawili tu, siafu na mchwa, na uwape tofauti walizonazo kweli. Siafu hawajengi makao ya kudumu: wanaweka kambi ardhini, wakimaliza windo la eneo hilo wanahama na malkia wao asiye na mabawa. Kwa hiyo usiwape ghala. Wape njaa: kila siafu 100 wale kipande kimoja cha nyama kila sekunde 5, na nyama isiyoliwa iharibike. Mchwa wa kichuguu ni wakulima. Wafanyakazi huleta majani makavu na vijiti, wakaotesha kuvu ndani, na kuvu ndiyo inayowalisha. Uchumi wao uwe wa polepole lakini wenye akiba: mzigo mmoja wa majani uzae chakula baada ya sekunde 40.

Hapo mkakati umeshazaliwa. Siafu lazima washambulie mapema, na wanapohama malkia yuko njiani, hana ukuta. Weka uhamaji uchukue sekunde 30. Ndizo sekunde ambazo mchezaji wa mchwa anazisubiri.

Jeshi la tatu liongeze baadaye. Sungusungu wanafaa sana: wale chungu weusi wakubwa wanaovamia mchwa kwa misafara ya mamia, na waliothibitishwa na watafiti mwaka 2017 kwamba hubeba majeruhi wao kurudi nyumbani baada ya vita. Kwenye gemu, majeruhi anayebebwa arudi vitani baada ya sekunde 20, lakini anayembeba asiweze kupigana. Majimoto ni wazuri, wanashona majani kwa nyuzi za hariri za mabuu wao, ila wamezoeleka zaidi kwenye minazi na mikorosho ya pwani. Waweke akiba kwa ramani ya Tanga.

Hatua ya 2: Cheza kwa maharage

Chora miraba 12 kwa 8 kwenye kartoni. Upande mmoja acha wazi, upande wa pili chora njia yenye upana wa mraba mmoja. Maharage 50 ni siafu, punje 10 za mahindi ni mchwa askari. Kanuni ni mbili: kila askari anaua siafu mmoja kwa zamu, na askari anakufa akishapigwa mara 6. Pande zote mbili zinapiga kwa wakati mmoja.

Kwanza uwanja wazi. Zamu ya kwanza maharage 48 yanaua mahindi 8, na mahindi yote 10 yanaondoa maharage 10. Zamu ya pili mahindi 2 yaliyobaki yanakufa na kuondoka na maharage 2. Siafu wameshinda kwa hasara ya 12.

Sasa ndani ya njia, ambako mbele anasimama mmoja kwa mmoja. Kila askari anakaa zamu 6 na kuua 6. Askari 8 wanakufa wakiwa wameua 48, wa tisa anamalizia 2. Siafu wote 50 wamekwisha na mchwa wamebaki wawili.

Usiruke hatua hii. Kanuni mbaya inaonekana kwenye kartoni ndani ya dakika kumi, wakati kwenye kompyuta ingejificha nyuma ya picha nzuri kwa wiki mbili.

Hatua ya 3: Namba za uhai na pigo

Kilichotokea kwenye kartoni kina hesabu yake. Mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester aliiandika mwaka 1916 kuhusu vita vya binadamu, na mwaka 1993 Nigel Franks na Lucas Partridge wakaitumia kwa chungu. Chukua nguvu ya mdudu mmoja, yaani uhai mara pigo. Kwenye njia nyembamba zidisha nguvu hiyo kwa idadi. Kwenye uwanja wazi zidisha kwa idadi mara idadi. Nguvu ya siafu ikiwa 1 na ya askari 6, njiani ni 50 kwa 60, mchwa wanashinda. Uwanjani ni 2,500 kwa 600, siafu wanashinda mbali. Hesabu inasema watabaki siafu 43 au 44, ila kwenye gemu ya zamu hasara huwa kubwa zaidi, kwa sababu kila askari hupiga angalau mara moja kabla hajafa. Itumie kujua nani atashinda, usiitumie kuhesabu maiti.

Namba za kuanzia: siafu uhai 4, pigo 2. Askari wa mchwa uhai 12, pigo 4. Uwiano wa nguvu ni 8 kwa 48, yaani 1 kwa 6.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu anaona uhai 4 ni mdogo, anaweka siafu uhai 5 na askari uhai 15, mapigo yale yale. Karatasini uwiano bado ni 10 kwa 60, haujabadilika. Lakini pigo la 4 halimuui tena siafu mwenye uhai 5. Inabidi apigwe mara mbili, na pigo la pili linapotea karibu lote. Askari mwenye uhai 15 anakufa kwa mapigo 8, na katika mapigo 8 anaua siafu wanne tu. Askari 10 sasa wanaua 40 badala ya 60, siafu 10 wanapenya hadi kwa malkia, na wewe unahangaika kutafuta kosa kwenye msimbo ambao hauna kosa. Kanuni ni hii: uhai wa mdudu ugawanyike kwa pigo la adui wake mkuu bila kubaki kitu. Ukibadilisha namba moja, pitia tena jozi zote.

Hatua ya 4: Watembeze wadudu 1,000 bila simu kupata moto

Usimtafutie kila mdudu njia yake. Wadudu 1,000 wakitafuta njia kila mmoja peke yake, prosesa itazidiwa. Geuza kazi: anzia pale wanapokwenda, kisha sambaza gharama kurudi nyuma mraba kwa mraba hadi ramani yote ijae. Ramani ya miraba 96 kwa 64 ina miraba 6,144, hesabu moja inatosha jeshi zima. Kila mdudu anaangalia miraba 8 inayomzunguka na kuingia wenye gharama ndogo kuliko yote.

Gharama za kuanzia: udongo mkavu 1, majani yaliyoanguka 2, matope 4, maji ya mfereji hayapitiki. Hifadhi kwenye PackedFloat32Array moja, yaani orodha ndefu ya namba ndani ya Godot, badala ya orodha ndani ya orodha. Rudia hesabu kila nusu sekunde au ukuta unapobomoka, si kila fremu.

Makosa mawili yatakupata. La kwanza, wadudu watapenya kwenye pembe ambako kuta mbili zinagusana kwa ncha. Ruhusu hatua ya mshazari pale tu ambapo miraba yote miwili ya pembeni iko wazi. La pili, wote watajazana mraba mmoja na njia yako nyembamba itapoteza maana, kwa sababu siafu 30 watasimama sehemu moja na kumpiga askari kwa pamoja. Weka ukomo: njiani mdudu 1 kwa mraba, uwanjani 4. Mraba uliojaa uongezewe gharama 3 ili wanaofuata wazunguke. Bila ukomo huu, hesabu yote ya hatua ya 3 inaanguka.

Hatua ya 5: Harufu badala ya macho

Wafanyakazi wa siafu hawana macho, na wafanyakazi wa mchwa wa kichuguu nao ni vipofu. Kwa hiyo lile giza la ramani la gemu nyingine za vita, linalofunguka kwa duara kumzunguka askari halina nafasi hapa. Mchezaji aone pale tu palipo na harufu ya wadudu wake. Mchwa waongezee mtikisiko: askari wao hugonga vichwa chini kutoa tahadhari, basi adui akigusa kichuguu, njia zote zilizounganishwa ziwake kwa sekunde 2.

Kila jeshi liwe na safu yake ya harufu. Mfanyakazi anayerudi na chakula aongeze 5 kwenye kila mraba anaopita, na kila sekunde zidisha ramani yote kwa 0.97. Kwa kiwango hicho harufu inabaki nusu baada ya sekunde 23 hivi. Mdudu anayepita miraba 4 kwa sekunde huvuka ramani kwa sekunde 24. Nyakati hizo mbili zikaribiane. Ukiweka 0.90, nusu inatoweka kwa chini ya sekunde 7 na njia inakufa kabla mfanyakazi hajafika nyumbani. Ukiweka 0.995, wataendelea kwenda kwenye mzoga ulioisha dakika mbili zilizopita. Weka pia kilele cha 100, la sivyo njia ya kwanza kugunduliwa itanenepa mpaka hakuna atakayejaribu nyingine, hata iwe fupi. Ni tatizo lile lile la kupoteza harufu ambalo waandishi wa algorithimu za chungu, yaani hesabu za kompyuta zinazoiga chungu wanavyotafuta njia, wamelishughulikia tangu tasnifu ya Marco Dorigo ya mwaka 1992.

Hatua ya 6: Mvua

Mchezo mmoja uwe wa dakika 15, na mvua inyeshe dakika ya 6 na ya 12. Sekunde 30 kabla, wingu lifunike kilele cha Kibo juu ya skrini. Hilo ni onyo tosha, hakuna haja ya maandishi. Udongo wa nyikani ugeuke matope, harufu ishuke kwa nusu mara moja, na mchwa wenye akiba ya chakula 200 warushe kumbikumbi. Kila jozi inayotua salama ifungue kichuguu kipya. Weka kuku kihambani wanaokula kumbikumbi bila kujali ni wa nani. Mchezaji atajifunza kurushia upande wa nyika.

Mvua pia inatibu ugonjwa wa mchwa kujifungia ndani mchezo mzima. Asiyetoka kukusanya majani kabla ya dakika ya 6 hafikishi 200.

Hatua ya 7: Skrini ndogo

Tumia kichoraji cha Compatibility, kile chepesi cha Godot kinachofaa simu za kawaida, na wadudu wote wa jeshi moja wachorwe na MultiMeshInstance2D moja, nodi inayochora nakala nyingi kwa mkupuo, badala ya nodi 1,000. Picha za piseli 16 kwa 16 zinatosha. Siafu mwekundu juu ya udongo mwekundu wa Moshi haonekani kabisa ukiwa juani, kwa hiyo mpe ukingo wa rangi hafifu, na utofautishe majeshi kwa umbo pia: siafu mrefu, mchwa mwenye kichwa kikubwa. Vitufe viwe na upana wa milimita 9 au zaidi. Maneno yawe ya amri fupi: Shambulia, Ziba, Hama, Rudi.

Hatua ya 8: Pima

Andika akili ndogo ya kuchezesha pande zote mbili, uiache kompyuta icheze michezo 400 usiku. Michezo 20 haitoshi, matokeo ya 12 kwa 8 yanaweza kuwa bahati tupu. Kwa michezo 400, siafu wakishinda kati ya 180 na 220 huna ushahidi wa kubadilisha chochote. Wakitoka nje ya hapo, badilisha namba moja tu, kwa asilimia 10, kisha urudie. Anza na njaa ya siafu au muda wa kuvu. Uhai na pigo viguse mwisho, maana ukigusa huko unarudi hatua ya 3.

Baada ya hapo peleka simu kwenye kijiwe cha bao au drafti, umkabidhi mchezaji bila kumweleza kitu. Kaa kimya na uandike mahali anapobonyeza kitu kisichojibu. Wazee wa bao watakuonyesha mwanya ambao kompyuta haikuuona: mmoja atauacha uwanja wote na kuziba njia ya mfereji kwa askari watatu. Akifanya hivyo na akashinda mara tatu mfululizo, ongeza njia ya pili ya kuvuka mfereji, miraba 20 kutoka ile ya kwanza.