Somo: Kufunga kuta za tela la kambi kwenye sakafu yake

Wengi mmeomba hatua hii peke yake, na mna haki, maana hapa ndipo matela mengi ya kujitengenezea yanapofia. Chasi imechomelewa vizuri, paa limekaa, rangi inang'aa, halafu baada ya msimu mmoja ukuta unaanza kucheza kule chini. Kinachouchezesha ni mtikisiko na maji kuliko uzito. Ukitoka Dodoma kwenda Mtera unapita rasta, vile vituta vidogo vya barabarani, kijiji hadi kijiji. Ukifika kwenye barabara za vumbi za Hifadhi ya Ruaha, tela linatetemeka muda wote. Skrubu iliyoshika nusunusu inalegea, ufa unafunguka, na mvua ya Januari inajipenyeza kwenye plaiwudi kupitia ubavuni.

Shikeni hili kwanza: skrubu isitegemee ubavu wa plaiwudi. Plaiwudi ni matabaka membamba ya mbao yaliyogundishwa, na skrubu inayoingia ubavuni hupita katikati ya matabaka hayo na kuyaachanisha. Inataka mbao nzima ya kuuma. Kwa hiyo ukuta tutaufunga kwenye mbao ya inchi mbili kwa mbili inayozunguka chini ya sakafu, nao utashuka kwa nje hadi uifunike ile sakafu.

Vipimo kabla ya msumeno

Bodi ya plaiwudi ni milimita 1220 kwa 2440. Ukiifanya sakafu ilivyo, kisha ukapachika kuta za milimita 12 kwa nje, upana wa tela unakuwa 1244, na bodi ya paa yenye 1220 haitatosha. Punguza sakafu iwe 1196. Kuta mbili zinaongeza 24, unarudi kwenye 1220, na paa linakaa bila kuunga.

Sakafu iwe ya milimita 18. Mbili kwa mbili ya paini ikishapigwa randa inabaki kama milimita 45. Ukuta ushuke kupita sakafu, upite na mbao, kisha uzidi milimita 10 ili maji yadondoke chini badala ya kurudi kwenye mbao. Jumla ni 73. Ukisimamisha bodi kwa upande wake wa 1220, kimo cha ndani kinabaki 1147 kabla ya paa: unakaa kitandani umenyooka, kusimama hapana. Chasi nayo iwe nyembamba kuliko sakafu, la sivyo hizo milimita 10 zitagonga chuma.

Mbao

Paini nyingi tunayouziwa inatoka Sao Hill, Mufindi, na mara nyingi inafika ikiwa bado mbichi. Ukiifunga hivyo hivyo, kiangazi cha Dodoma kitaikausha ikiwa ndani ya kiungo. Itasinyaa, itajipinda, na gundi itaachia. Ipange kivulini, weka vipande vya mbao katikati hewa ipite, uiache wiki kadhaa. Ukiweza kuongeza bei, mninga unatulia, tena unashika skrubu vizuri kuliko paini, ila ni mzito na lazima uutoboe kwanza.

Kuna desturi ya kupaka mbao oili chafu kwa ajili ya mchwa. Kwenye nguzo za uzio sawa. Hapa msipake kabla ya kugundisha, gundi haishiki kwenye mafuta. Tumieni dawa ya mchwa ya dukani na muiache ikauke kabisa.

Sakafu na chasi

Mwambie mchomeleaji aweke masikio ya flati ba (vipande vya chuma bapa) kwenye chasi kabla mbao haijasogea karibu, kwa sababu cheche na plaiwudi havikai pamoja. Boliti za M8 (unene wa milimita 8) zipite kwenye sakafu, mbao na sikio. Ukipitisha boliti kwenye bomba la mraba lenyewe na kuikaza, bomba linabonyea na boliti inalegea baadaye. Tumia washa pana kwa juu, na nati zenye nailoni ndani. Kati ya chuma na mbao laza kipande cha mpira wa tyubu ya gari. Kinazuia mbao kunyonya unyevu wa chuma na kinapunguza kelele.

Mbili kwa mbili za pembezoni zigundishwe na kupigwa skrubu chini ya sakafu, uso wa nje wa mbao ulingane kabisa na ukingo wa plaiwudi. Pitisha kiganja. Ukihisi ngazi, piga randa mpaka iishe, kwa sababu ukuta utalala juu ya nyuso hizo mbili kwa pamoja na ngazi ndogo inaacha pengo refu.

Kisha pima kona kwa kona. Sakafu ya 1196 kwa 2440 iliyo skwea inatoa takriban 2717 kwa pande zote mbili. Zikitofautiana, rekebisha sasa hivi. Tofauti ya hapa huwezi kuificha kwenye paa.

Kusimamisha ukuta

Kwa ndani ya ukuta, chora mstari milimita 73 kutoka chini. Huo ndio uso wa juu wa sakafu. Toboa matundu ya skrubu kwenye ukuta, safu mbili za kupishana, kila moja milimita 150 kutoka mwenzake, yote yaangukie kwenye mbao, yasiguse ubavu wa plaiwudi. Mtu mmoja ashike, mwingine alinganishe mstari na sakafu, muushikize kwa klampu, kisha toboa ndani ya mbao kwa biti ya milimita 2.5.

Funga ukuta wote kwanza bila gundi. Hatua hii watu wanairuka, nami naisisitiza kuliko zote: ndipo utakapoona bodi iliyopinda au tundu lililokosea njia, ukiwa bado na nafasi. Ukiridhika, ufungue, futa vumbi pande zote kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, ngoja pakauke, paka gundi isiyoogopa maji kwenye mbao na kwenye ukingo wa sakafu, halafu rudisha. Fanya kazi hii asubuhi. Mchana wa Oktoba gundi inashika ngozi juu kabla hujafika mwisho wa bodi, na upepo unaimwagia mchanga.

Skrubu ni milimita 4 kwa 40, za zinki au zisizoshika kutu: milimita 12 zinapita ukutani, 28 zinauma mbao. Zile nyeusi za jipsamu ziachieni dari. Ni ngumu lakini hazina unyumbufu. Mtikisiko unazikata shingo, na zinashika kutu mapema. Mizunguko ya mwisho kaza kwa mkono. Gundi ikichuruzika kidogo kwenye kiungo chote, imeenea.

Kiungo cha chini peke yake hakiusimamishi ukuta. Weka mihimili ya muda, na siku hiyohiyo funga kuta zinazokatisha upana, wa kati na wa nyuma, kwa mbili kwa mbili kwenye kila kona.

Maswali ya wanachama

*Kondoa:* Shikamoo fundi. Nina engo za chuma nyingi zimebaki. Siwezi kufunga kwa engo tu, nikaacha mbao?

Marahaba. Usiache mbao. Engo inashika sehemu moja moja, na mzigo wote wa mtikisiko unaishia kwenye skrubu zake mbili tatu. Mbao yenye gundi inashika urefu wote. Engo zako ziweke kwenye kona za ndani, zitakusaidia.

*Iringa:* Mkuu, huku kwetu mvua si mchezo. Silikoni inatosha kuziba?

Silikoni rangi haishiki juu yake, na ukitaka kuziba upya inakusumbua kuiondoa. Chukua gundi ya kuziba ya poliuretheni, inapakika rangi. Ziba kiungo cha ndani na vichwa vya skrubu. Ukingo wa chini wa ukuta upake vanishi mara tatu, ya kwanza iliyozimuliwa ili inywewe, lakini usiuzibe pale chini unapokutana na mbao. Maji yakiingia kwa bahati mbaya, yawe na njia ya kutoka.

*Singida:* Kaka, MDF za makabati ninazo bure. Kuta je?

Hapana, ndugu yangu. MDF ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, ikilowa inavimba na hairudi. Zitumie kwenye droo za ndani.

*Nkuhungu:* Mimi nimeshachelewa, sakafu ni 1220 na chasi ina upana huohuo. Nibomoe?

Usibomoe. Simamisha kuta juu ya sakafu, mbili kwa mbili iwe ndani, ikae kwenye kona ya ukuta na sakafu, gundi na skrubu pande zote mbili. Utapoteza nafasi kidogo ya godoro. Udhaifu ni kwamba kiungo kinabaki wazi kwa nje, maji ya ukutani yanasimama juu ya ukingo wa sakafu. Mpelekee fundi bati akukunjie ukanda utakaoanza ukutani na kushuka kupita sakafu, uubandike kwa gundi ileile ya kuziba kisha skrubu fupi kwa juu tu.

*Dada kutoka Kibaigwa:* Nitajuaje kama kiungo kimekamata kabla sijawapandisha watoto safari ndefu?

Usiku, mtu amulike tochi kwa nje kuzunguka chini, wewe uwe ndani gizani. Penye mwanga pana pengo. Kisha livute kwenye njia ya vumbi, tela likiwa na mzigo wake wa kawaida, urudi ufungue mlango bila kufagia. Vumbi la Dodoma litakuchorea mstari mwekundu kila linapoingia. Weka alama kwa penseli, ng'oa gundi ya kuziba ya sehemu hiyo, kaza skrubu, ziba tena, ulivute mara ya pili.