Kabla ya kununua muziki wa filamu, geuza jalada

Nimelijua hili nikitafuta muziki wa filamu ya Vertigo (1958): jina la mtunzi lililo mbele ya jalada la santuri halitoshi. Geuza nyuma, tafuta nani aliongoza okestra na mwaka wa kurekodi. Mtunzi ni Bernard Herrmann, lakini muziki unaosikika ndani ya filamu uliongozwa na Muir Mathieson, ukarekodiwa London na Vienna, kwa sababu wanamuziki wa Marekani walikuwa wamegoma. Ukikuta kiongozi ni Joel McNeely na okestra ni Royal Scottish National Orchestra, hiyo imepigwa upya miaka ya 1990. Ni nzuri mno, sauti safi, ila si ile ya filamu.

Jina la kiongozi halisaidii mtunzi anaporudia kuongoza kazi yake mwenyewe. Filamu ya Psycho ni ya 1960, na Herrmann aliurekodi tena muziki wake London mwaka 1975: vinanda vya nyuzi vilevile, mwendo wa polepole zaidi. Hapo kinachokuokoa ni mwaka tu, tena wa kurekodi, si wa toleo, maana santuri huchapwa upya mara nyingi. Ukibaki na shaka, cheza mwanzo wa filamu, kisha rekodi. Tofauti ya mwendo utaisikia mapema.